Vumbi Lisiguse Ndege

Jumatatu, 6 Julai 1992
Msasa laini, mara ya tatu. Bawa la kushoto bado lina mkwaruzo karibu na injini. Jicho haliuoni, kidole kinausikia. Nitaupata tu.
Tangu karakana ya serikali ifungwe napaka rangi chochote kinacholetwa. Sasa ni ndege ya mbao ya mninga, urefu wa mkono. Tajiri anafungua ofisi ya tiketi mjini, anaitaka juu ya kaunta, ing'ae mpaka mteja ajione meno. Akiipenda ataagiza za ofisi zake zote. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo.

Jumatano, 8 Julai
Vanishi ya kwanza imeharibika. Nimeikuta nyeupe-nyeupe, imeshika ukungu. Baridi ya mwezi huu haina adabu. Na vumbi la mtaa wetu wa Katandala limenasa mkiani. Nimetukana peke yangu, nimekwangua yote.

Alhamisi, 9 Julai
Nimepata dawa. Dirisha nimeliziba kwa blanketi, mlango kwa matambara. Jiko la mkaa kwenye kona, mbali na tina ya kuyeyushia vanishi. Chumba kikavu, hakuna upepo. Ubavu wa ndege umekauka safi kabisa. Mama, chumba cha pili, amefurahi. Ukuta wetu haufiki kwenye bati, joto linamfikia kitandani. Anasema leo miguu haikumuuma.

Jumamosi, 11 Julai
Mama ameamka na kichwa. Ametapika. Bibi Skola, mjane wa nyumba ya jirani, kamletea uji wa ulezi. Koti ya pili ya vanishi imekubali.

Jumatatu, 13 Julai
Jana Mama alishindwa kwenda misa. Leo kaanguka akienda uani. Bibi Skola ndiye aliyemwinua, akamnywesha uji. Hospitali wamepima malaria, hakuna. Nami kichwa kinagonga. Uchovu, nadhani.
Kaka Deo amefika kutoka Msanzi. Hajauliza dawa. Ameuliza uji unatoka kwa nani.

Jumanne, 14 Julai
Mkaa uliisha jana mchana, jiko likalala. Asubuhi Mama mzima. Kala ugali na maharage, kamgombeza Deo kwa uvivu. Nikanunua mkaa, nikawasha saa nne, nikapaka koti ya mwisho. Saa nane Mama yuko chini tena.
Nimesimama na brashi mkononi, nimeelewa. Hewa ya mkaa na ya tina inapita juu ya ukuta. Ni mimi.
Koti inataka siku mbili ikauke. Nikifungua, vumbi litaikalia. Nimefungua dirisha la Mama kidogo, nikajiambia inatosha. Ni uchoyo. Naujua na nimeufanya.

Jumatano, 15 Julai
Deo amemwaga uji wa Bibi Skola mlangoni, watu wanaona. "Bibi, usikanyage tena hapa. Tumeshakujua." Bibi aliinama akaokota bakuli lake.
Mchana wanaume sita wamesimama mbele ya nyumba yake. Hawasemi, hawaondoki. Naogopa. Hapa kwetu kimya cha namna hiyo hakiishii kwenye maneno.
Nilikuwa na la kusema. Ningesema, Deo angelitupa jiko nje na blanketi juu yake. Nimenyamaza.

Alhamisi, 16 Julai
Nta ya nyuki, kitambaa cha pamba, mizunguko midogo. Ukiiacha katikati inaacha mabaka. Jiwe la kwanza limetua kwenye bati la Bibi Skola nikiwa kwenye bawa la kulia. Sikutoka. Mengine sikuyahesabu. Nimejichukia, mkono ukaendelea kuzunguka.

Ijumaa, 17 Julai
Nimepeleka ndege. Tajiri kaigeuza juani, kacheka, kataka sita zaidi. Nikarudi mbio nimwambie Deo yote: jiko, tina, ukuta.
Akacheka. "Ndege ya mti imlaze Mama? Mdogo wangu, na wewe umeshachezewa."
Nikatoka kwenda kwa Bibi Skola. Mlango umevunjwa. Wanasema alfajiri mkwewe alimpakia kwenye mkokoteni, wameelekea Kasense. Kichwa kimefungwa kanga, kanga ina damu. Hadi kwenye mkokoteni alitembea akiegemea mkono wa mkwewe. Zaidi ya hapo hakuna anayejua, au hawataki kuniambia.

Jumapili, 19 Julai
Dirisha wazi, jiko nje uani. Mama ametoka misa kwa miguu yake, amepika mwenyewe. Deo amerudi Msanzi.
Tumekula wawili. Upepo, jua kidogo. Mama akasema, "Unaona, mwanangu? Tangu yule bibi ahame, kichwa hakijanigusa."
Nikasema, "Ndiyo, Mama." Nikamwongezea mboga.