Picha ya Miwani Niliyoifuta

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 9 Juni

Dada mpendwa,

Hujambo huko uliko? Mgongo umeacha kukusumbua? Watoto je, wameizoea shule mpya? Sisi tu wazima. Mama anatembea hadi sokoni bila fimbo, na bado anagombana na muuza nyanya kama zamani.

Dada, wiki tatu zilizopita chombo chetu cha angani kiliupita ule mwezi unaoizunguka sayari ya mbali. Safari ya miaka saba! Na kamera aliyoiunda marehemu kaka yetu, ile aliyoiita Miwani, ilifanya kazi bila kasoro. Kituoni kila mtu alimtaja. Nilijifungia chooni nikalia.

Ila kupiga picha ni jambo moja, kuzileta ni jingine. Kutoka umbali ule, picha moja safi huchukua karibu siku mbili kutufikia. Nafasi ya kuhifadhi picha chomboni nayo ni finyu, na ilibidi tuipunguzie mzigo kabla chombo hakijaifikia sayari yenyewe. Kwa hiyo tukachagua: hizi zije kamili, zile zibanwe ziwe ndogo, nyingine zifutwe.

Unaukumbuka ule ufa wa kusini mwa mwezi huo, aliokuwa akituchorea kaka kwenye bahasha pale hospitalini? Picha yake ilipigwa. Lakini wataalamu wa miamba walitaka milima ya kaskazini, na walikuwa na hoja. Mkuu wetu akanigeukia: "Wewe ni mdogo wake. Unasemaje?"

Nilitafuta sababu ya kuitetea, Dada, zaidi ya kwamba ni yake. Sikuipata. Nikasema, "Ifutwe." Amri niliiandika kwa mkono wangu.

Kimebaki kijipicha cha majaribio, kimebanwa mno, hakizidi stempu. Ufa hauonekani kabisa. Ni viraka vya kijivu tu.

Nilimletea Mama. Alikitazama sana, akauliza, "Ndicho alichokuwa akikitafuta mwanangu?"

"Ndicho, Mama."

Amekitia kwenye fremu. Kila mgeni anaoneshwa, naye Mama husema, "Hapa pameharibika kidogo kwa sababu ni mbali." Mimi huinuka nikaenda jikoni.

Sijamwambia, na sidhani kama nitaweza. Nimekwambia wewe kwa kuwa ulimpenda kama mimi. Ukikasirika, kasirika, lakini usininyamazie.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu wote wawili. Mama anakuombea usingizi mtulivu na riziki isiyokatika. Mungu akuweke hadi tuonane.

Ni mimi nikupendaye,
Kitindamimba wenu