Rudia Tu Mpaka Ipite

Mpendwa Mwanaidi, mdogo wangu,

Leo tumekusomea hitima. Watu wamejaa, pilau limetosha, na mie kaka yako nimeinuliwa mkekani na watu wawili kwa sababu ya kitambi. Ungenicheka wiki nzima.

Unakikumbuka kile chumba chetu cha Kipawa, miaka ya tisini ile, kompyuta moja na laini moja ya simu? Ulikuwa unaandika programu ya kutuma maombi ya dawa kutoka zahanati moja ya Pugu kwenda bohari mjini. Kila asubuhi unaijaribu: inataja mtandaoni jina la kompyuta ya bohari kuuliza namba zake, ikipewa, inatuma. Laini ikikatika, jina halijibiwi, jaribio linafeli. Mie bosi, fundi wa kukaa, nakwambia, "Ishu ya simu hiyo, sista. Rudia tu." Unarudia mpaka inapita.

Ukaniambia, "Kaka, tuweke mjibu wa bandia humu humu ndani, ajibu badala ya mtandao. Tukitaka ajibu, tukitaka akatae. Jaribio likifeli tujue kosa ni letu, si la simu."

"Programu inakwenda kuishi duniani. Acha dunia iijaribu."

"Haya, mwanafalsafa. Siku ikifeli kweli utajuaje?"

Kumbe kosa lilikuwemo. Jina lisipojibiwa, programu yetu ilikuwa inaandika "imetumwa" na haijatuma kitu. Jaribio lilituonya kila laini ilipokatika, nasi tukangoja laini irudi, jaribio lipite, ndipo tuliamini.

Masika yale laini zilikatika siku nyingi mfululizo. Zahanati ikawa inasubiri sindano za kisukari, karatasi inasema zimeombwa. Mwalimu mmoja mstaafu akafa. Daktari wa pale alipokuja kuuliza nani ameiandika programu, nilikuwahi: "Huyu mdogo wangu."

Ukanitazama.  Jioni ukanipa ufunguo wa chumba, na kompyuta hukuigusa tena mpaka ulipoondoka duniani.

Leo baada ya dua, Zuhura wako kaniuliza mbele za watu, "Mjomba, kweli mama ndiye aliyesababisha yule mwalimu afe?"

Nikamwambia, "Kula kwanza, mama."

Ndiyo maana nimeandika. Kesho nampa yeye barua hii aisome kwa sauti, ukoo mzima usikie. Asiponiamkia tena shikamoo, hatakuwa amekosea.

Pumzika, Mwanaidi. Mungu akutilie nuru huko uliko.

Kaka yako