Nilimwambia Azibe Matundu

Jumatatu, 4 Agosti

Magunia yamekauka tena. Niliyalowesha alfajiri, kabla ya saa nne yakawa yanakwaruza mkono. Kiangazi hakina huruma. Upepo unashuka milimani, unapita hapa Rusimbi, unanyonya kila kitu, mpaka midomo inapasuka. Kipimo cha unyevu kiko chini sana. Nimemwaga maji kwenye mchanga wa sakafuni. Nimetundika kanga mbili mbichi mlangoni. Matundu ya juu nimeyaziba nusu, ya chini nimeyaacha wazi. Uyoga unataka unyevu, lakini unataka na pumzi. Ukiunyima kimoja, umeupoteza.

Vitoto vimeanza kutokeza kwenye mifuko ya mbele. Vidogo kama vichwa vya pini.

Hiki ni chumba cha kupanga. Changu kiko Katubuka. Nilikijenga nyuma ya nyumba yetu, kikishikana nayo, nikakikandika kwa mikono hii mume wangu Festo akiwa kitandani mgonjwa. Kisha Festo akafa. Matanga hayajaanuliwa, ukoo ukakaa kikao. Wakaniambia, hukuzaa, nyumba ni ya ukoo. Asteria, mdogo wake Festo, wifi yangu, ndiye aliyenipokonya funguo. Mama yao alikaa pale pale kwenye mkeka. Hakusema neno.

Nilitoka na nguo zangu na kipimo hiki, nimekifunga ndani ya kanga. Hawakujua ni nini. Wangejua wangekichukua.

Namchukia Asteria. Naandika hapa kwa sababu kanisani siwezi kulisema.


Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nilikwenda kwenye maonyesho kutafuta wateja. Nikamkuta Asteria ana meza, kitambaa cheupe, uyoga mamama, aina ile ile ninayootesha mimi, umepangwa kwenye visahani kama keki ya harusi. Anawaeleza watu namna ya kuotesha kwenye makapi ya chikichi. Anasema amebuni mwenyewe.

Amebuni! Mimi ndiye niliyekwenda kwa wakamua mawese kuomba makapi, wakanicheka. Mimi ndiye niliyeyachemsha kwenye pipa, yakaoza, nikachemsha tena mpaka nikajua. Yeye alikuwa anapita uani ameziba pua kwa upande wa kanga.

Nilijificha nyuma ya watu. Nilijiona mwizi.

Mama mmoja mwenye hoteli ufukweni, aliyekuwa akinunua kwangu, alinikuta kwenye lango. Aliona haya kuniambia, lakini akaniambia. Wifi yangu anasema uyoga wa mjane una mkosi, ndiyo maana mume alikufa akiula.

Nimerudi kwa miguu. Sijala. Mungu anipe nafasi moja tu.


Jumatano, 13 Agosti

Nafasi imekuja. Imekuja yenyewe, kwa simu.

Nilikuwa nanyunyiza. Nikaona jina lake, nikafikiri kafa mtu. Sauti laini, sijawahi kuisikia tangu msiba.

"Wifi, shikamoo. Nisaidie. Uyoga unapasuka kingo, unageuka njano. Vitoto vinakauka vikiwa vidogo. Nifanyeje?"

Nilijua mara moja. Chumba kile kinatazama upepo. Kiangazi lazima utundike magunia mabichi upande wa mlimani, na kila ukilowesha uache hewa ipite. Nilichukua miezi kujifunza hilo. Ningemweleza kwa maneno machache.

Nikamwambia, "Ziba matundu yote. Ya juu na ya chini. Tia nailoni madirishani, hewa isiingie hata kidogo. Maji umwage asubuhi, mchana na jioni, juu ya mifuko yenyewe."

"Juu ya mifuko?"

"Juu kabisa. Ilowe."

"Asante wifi. Mungu akubariki."

Nilikata simu, nikarudi kunyunyiza huku naimba. Ilikuwa furaha.


Jumamosi, 16 Agosti

Nimevuna kidogo, kofia pana, nyeupe. Nimeuza zote soko la Kibirizi, katikati ya wauza dagaa.

Siku nzima nawaza kile chumba. Kimezibwa. Jasho linatiririka kwenye nailoni. Hewa nzito. Nimetabasamu peke yangu kwenye bajaji, dereva akaniuliza nimepata nini.


Jumanne, 19 Agosti

Mama Jeni, jirani yangu wa zamani Katubuka, amepita kunisalimu. Hajui kitu. Anasema uyoga wa Asteria umekuwa kituko. Shina refu kama kidole cha marehemu, kofia ndogo kama kifungo. Wateja wanaurudisha. Yule wa hoteli amekataa kabisa.

Nilicheka mpaka machozi. Mama Jeni akacheka pia kwa kuwa mimi nacheka. Nilimkaangia uyoga kwa mawese na kitunguu. Akasema mtamu.

Uzuri wa jambo hili ni kwamba sikuiba, sikuchoma moto, sikwenda kwa mganga. Nilijibu swali tu.


Jumapili, 24 Agosti

Nimeusikia wimbo wa kwanza kanisani na wa mwisho. Katikati sijui padri alisema nini.

Nilipita Katubuka, nikajifanya naelekea kwa Mama Jeni. Nyuma ya nyumba kuna rundo la mifuko. Ukungu wa kijani umeifunika. Harufu mpaka barabarani. Kazi ya miezi, yote jalalani.

Nilisimama nikatazama. Nilitaka Asteria atoke anione. Hakutoka. Nikasikia mtu anakohoa ndani, kikohozi cha kuvuta, kisichokwisha. Nikaondoka.

Bado ameziba madirisha. Bado ananitii.


Jumatano, 27 Agosti

Mama yake Festo amelazwa.

Mama Jeni amenipigia. Kumbe Asteria hakuwa anamwagilia mwenyewe. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akiingia mle asubuhi, mchana na jioni na ndoo. Na kitanda chake kiko chumba cha pili, mlango mmoja unatenganisha. Amekaa wiki mbili anavuta ule ukungu. Juzi pumzi zilikata. Walimbeba kwa bodaboda, katikati ya watu wawili.

Nilijiambia naye alinyamaza siku ile. Nikajiambia tena. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mifuko yangu inanizunguka, najiambia hivyo hivyo, na neno haliingii moyoni.

Sikumtaka yeye. Nilimtaka Asteria.


Alhamisi, 28 Agosti

Nimekwenda Katubuka. Sikubisha hodi. Nilizunguka nyuma, nikafungua mlango wa chumba changu.

Joto la mdomo wa mgonjwa. Kuta nilizozikandika zinavuja maji. Kijani kila mahali. Nilifunga kanga puani nikaanza kuchana nailoni. Nikazibua matundu kwa kijiti. Nikatoa mifuko mmoja mmoja, nikaitupa mbali na nyumba.

Asteria alitoka na nguo za hospitali mkononi. Alisimama.

"Unafanya nini? Si ulisema tuzibe?"

"Nilikudanganya."

Hakuelewa. Nikarudia. Nikamwambia nilijua utaoza, nilitaka uoze, nilifurahi ulipooza.

"Mama anakufa, Renatha!" Hajawahi kuniita jina.

"Sikujua ni yeye anayemwagilia. Wewe ulikuwa wapi?"

Alinipiga kofi. Sikumrudishia. Akakaa kizingitini, nguo za mama yake mapajani. Akasema, "Basi tumelipana."

Nikasema bado. Nikaendelea kutoa mifuko. Mwishowe aliinuka akashika upande wa pili wa ule mkubwa kuliko yote. Hatukutazamana.


Jumamosi, 30 Agosti

Hospitali. Daktari anasema anapata nafuu, lakini kifua hicho hakitaki tena unyevu, moshi wala vumbi.

Asteria alikuwa amekwenda kuleta chai. Nikamwambia mama mkwe mwenyewe, kwa kinywa changu, kabla hajaambiwa na mwingine. Nilisema polepole, amefumba macho, nikadhani kalala.

Akasema, "Siku ile ya kikao nilikuwa na mdomo, mwana wanje. Sikuutumia."

Ni hilo tu. Aliniita mwanangu, kwa Kiha, lakini hakusema amenisamehe. Mimi pia sikusema. Nilimkanda miguu, ilikuwa baridi.


Jumanne, 9 Septemba

Asteria amekifanya chumba cha Katubuka ghala la dagaa. Amekodisha kwa wafanyabiashara wa Kibirizi. Mama Jeni ameniambia. Wamepiga misumari kwenye kuta zangu.

Nilidhani nitaumia kidogo. Nimeumia sana. Nimempigia, nikataka kumtukana. Alipopokea nikakosa tusi. Akasema mama hawezi kukaa tena pale, vumbi la dagaa linamkaba. Nikajua anataka niseme. Nikamwacha angoje. Nilimwacha angoje sana.

Kisha nikasema mlete.


Jumapili, 14 Septemba

Mama mkwe amekuja jana. Asteria alimleta mpaka getini na godoro kichwani. Hakuingia, sikumkaribisha.

Mifuko yangu nimeihamishia banda la mwenye nyumba, mbali na kitanda. Nusu itakufa, banda lina mwanga mwingi na upepo. Sawa.

Asubuhi ya leo mama mkwe aliamka peke yake, akakaa mlangoni juani. Alinisalimia "Mwakeye" kama alivyokuwa akifanya zamani, Festo akiwa hai. Anapumua vizuri. Mchana nimepika ugali wa muhogo na uyoga niliookoa. Amekula, amelamba vidole.

Akauliza, "Asteria amekula?"

Nikaosha vyombo. Ameegemea ukuta, amesinzia. Nimechota mboga ya kumtosha mtu mmoja, nimefunika bakuli. Liko mezani. Sijaamua kulipeleka. Bado ni la moto.