Kamba ya Mtumbwi Kwenye Tairi

Wodini, Mbinga mjini

Kaka Danieli, shikamoo.

Nakuandikia nimekaa sakafuni kando ya kitanda cha baba mkwe, karatasi iko juu ya goti, kwa hiyo usiucheke mwandiko. Mama anaendeleaje na kifua chake? Na wifi, ameshajifungua? Simu yako inaita halafu inakatika, na haya siwezi kuyasema kwenye simu watu wakinisikiliza. Mwili wangu mzima. Roho ndiyo iko juu juu.

Kaka, baba mkwe ameumwa na nyoka. Kifutu! Siku hiyo watu wote wa kitongoji chetu huku Litumbandyosi walikwenda msibani kijiji cha pili, wanaume na baiskeli zao. Mume wangu Hyasinti yuko Ngaka kwenye mgodi wa makaa ya mawe, unajua. Tukabaki wawili, mzee kwa sababu ya magoti yake, mimi kwa ajili ya kumpikia. Alikwenda kugeuza kahawa kwenye kichanja, nikasikia "Mamaa!" mara moja tu. Nilipofika alikuwa amekaa chini ameshika kifundo cha mguu, na mguu unavimba huku nautazama.

Zahanati iko mbali, na kutembea hawezi. Iliyokuwepo ni ile baiskeli ya milimani aliyoachiwa Hyasinti na mzungu mpima makaa. Tairi zake hazina tyubu, upepo unakaa wenyewe kati ya tairi na ringi. Na tairi la nyuma lilikuwa limechomoka ringini muda mrefu! Fundi wetu alishasema bila mashine ya upepo ya gereji halirudi, na tyubu zetu za kawaida haziingii kwa sababu tundu la valvu ni jembamba.

Nikapampu. Nikapampu, kaka, mpaka mabega yakawaka moto. Upepo wote pembeni, fyuuu! Nikapaka povu la sabuni kingo zote ziteleze zirudi mahali pake. Fyuuu vilevile. Nikalia kwa hasira, nikalipiga teke. Ndipo nikaikumbuka kamba yako ya nailoni, ile uliyonifungia sanduku siku naolewa. Nikakuona pale ufukweni kwetu Mbaha, Ziwa Nyasa, unavyobana mtumbwi uliopasuka: unazungusha kamba, unapitisha kijiti, unasokota mpaka ufa unafumba. Nikaikimbilia ndani.

"Lete hiyo kamba nifunge mguu," mzee akasema, hanitazami.

"Hapana, baba. Nesi alituambia kliniki, mguu ukifungwa unaoza."

"Nakufa, we mtoto!"

"Hufi. Kamba ni ya tairi."

Ulimi ule sijui niliutoa wapi. Kwenye ukoo huu mke wa mtoto hamgusi baba mkwe, hapiti mbele yake, jina lake halitamki. Chakula chake nakiweka na kuondoka. Miaka yote niliyokaa hapa, hata jina langu hajawahi kuliita.

Nikaizungusha kamba juu ya mgongo wa tairi, duara zima, nikapitisha mwiko wa ugali, nikasokota. Tairi likabonyea katikati, kingo zikatanuka mpaka zikagusa ringi pande zote. Lakini nikiachia mwiko ili nipampu, kamba inajifungua. Mikono miwili haitoshi! Nikamshika mzee makwapani, nikamsogeza, nikaichukua mikono yake na kuibana kwenye mwiko.

"Shika, baba. Usiachie."

Akashika. Nikapampu kama mwendawazimu.

"Limeshika?"

"Bado."

"Limeshika?"

"Bado, baba, shika tu!"

Jasho lilikuwa linamtiririka, midomo imepauka, nikajua akizimia tumekwisha. Mara pa! Upande mmoja ukaruka mahali pake. Pa! Na wa pili. Nikalegeza kamba haraka, nikajaza upepo, tairi likatulia kimya.

Nikampakia kwenye keria, nikamfunga mgongoni kwangu kwa kitenge asianguke, na kamba yako juu yake. Namshukuru Mungu njia ile karibu yote ni mteremko. Kichwa chake kilikuwa begani kwangu, na kila kilipozidi uzito nilidhani ameshakata roho. Zahanati walitafuta gari, tukaletwa hapa. Tangu tufike hakufumbua macho, na daktari kila nikimuuliza ananiambia tusubiri.

Leo asubuhi akaingia dada yake mzee, shangazi wa Hyasinti. Hata salamu hakunipa.

"Mnyasa wewe, umembeba mkweo mgongoni kama mtoto mchanga! Umetuchafulia ukoo. Akiamka, aibu itammaliza kabla ya sumu."

Niliogopa anasema kweli.

Mzee akafumbua macho. Akaangalia dari, akamwangalia dada yake, kisha akanitazama mimi, usoni kabisa.

"Esta," akasema. "Limeshika?"

"Limeshika, baba."

Shangazi akatafuta pa kukaa.

Mguu bado mkubwa, na daktari hajasema neno la mwisho, kwa hiyo msiache kutuombea. Lakini uji amekunywa, na kijiko nilikishika mimi. Msalimie mama, mwambie asiende ziwani asubuhi na baridi hii. Msalimie wifi, na mjomba wetu mzee wa kanisa, mwambie atutaje kwenye sala ya Jumapili.

Kamba yako usiidai. Mzee ameilalia chini ya mto, na dada yake alipotaka kuiondoa alimwambia, "Iache hiyo, ni ya mwanangu."

Mdogo wako,
Esta