Kwa Ami Athman, Uliyelala Middlesbrough

Ami,

Tangu tukuzike, baba alikuwa hasemi nami. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza: "Na mdogo wangu hajambo?" Hajambo, Ami. Magoti yanamsumbua kama yalivyokusumbua wewe, lakini yu mzima na msikitini anakwenda kwa miguu yake. Habari zake nilikuwa nazipata kwa mama. Nilikuwa nikipiga simu Mombasa mama anapokea, tunaongea kidogo, halafu namsikia akiita, "Mwanaidi huyu kwenye simu," na baba anajibu kutoka barazani kwamba anatawadha. Kila nilipopiga, alikuwa anatawadha. Ami, hakuna binadamu anayetawadha kiasi hicho.

Nakuandikia nikiwa chumbani kwako, hapa Walthamstow, London, ulikohamia kwangu uzeeni. Nguo zako nimezitoa sadaka, kitanda nimekiacha. Mwanangu Zuhura ameanza chuo, yuko Leeds, na mimi nimebaki peke yangu na kelele za boila ya maji moto. Asubuhi naamka, nakwenda kazini, nawaosha wazee wa watu, nawalisha, nawaambia kwa Kiingereza kwamba leo kuna jua. Jioni narudi. Kiswahili changu kinakaa mdomoni siku nzima bila kazi. Juzi nilijikuta nimemwambia dereva wa basi "ahsante, baba," naye akanitazama.

Muuza samaki wa sokoni aliniuliza yuko wapi mzee wake anayebonyeza samaki macho na kutingisha kichwa. Nikamwambia umesafiri. Nilishindwa kutamka neno jingine mbele ya wateja.

Ilikuwa hapo hapo sokoni uliponiambia. Unakumbuka? Tulikaa kwenye benchi, wewe unakula chipsi kwa uma wa mti, mimi nashika mifuko. Karibu na stesheni walikuwa wanajenga ghorofa, na wewe ulikuwa unaitazama kreni ikizunguka. Ukasema, kama mtu anayeomba chumvi: "Mwanaidi, siku yangu ikifika, nirudishe Middlesbrough."

Nikasema, "Si Mombasa, Ami?"

"Mombasa ni kwetu," ukasema. "Kule ni kwangu."

Halafu ukaendelea kula chipsi. Hapakuwa na shahidi mwingine.

Ndiyo maana ulipotutoka, vita vilikuwa vyangu peke yangu. Baba alikwishapanga kila kitu kabla hata sijafika nyumbani kutoka hospitali. Ndege, gari la kupokea maiti, kaburi karibu na babu. Nikamwambia, "Baba, mwenyewe alitaka azikwe Middlesbrough."

"Alimwambia nani?"

"Aliniambia mimi."

"Na nani mwingine?"

Nikamwambia hakuna. Akasema neno ambalo mpaka leo linanikaa kifuani: "Wazungu wamekula ujana wake wote. Sasa na mifupa yake wewe unataka kuwaachia."

Nilikuwa sijawahi kumpinga baba tangu nizaliwe, Ami. Lakini wewe ulikuwa huna mtoto, Bi Jean mkeo alikwishatangulia, na kama mimi ningekubali, basi maneno yako ya pale kwenye benchi yangekuwa hayajasemwa kamwe. Nikamwambia, "Nisamehe, baba. Nampeleka alikotaka." Akakata simu.

Walikuosha msikitini hapa, wakakuvika sanda, wakakusalia. Kisha tukaingia kwenye gari, mimi, dereva na wewe nyuma, tukashika barabara ya kaskazini. Zuhura alikuja kwa treni kutoka Leeds. Njiani nilikuwa na hofu moja tu: kwamba nimekutoa kwenye mikono ya ukoo mzima, ukoo ambao ungejaza mtaa, nakupeleka ukazikwe na watu watatu, mmoja wao dereva. Nilijiona nimekudhulumu. Kila tulipopita mji, nilitaka kumwambia dereva ageuze.

Tulipofika msikitini kule, nje walikuwa wamesimama wazee. Wapakistani, ndiyo, na wale Wayemeni wawili uliokuwa ukinihadithia. Lakini pia wazee wa Kizungu, Ami. Wengi. Wamevaa suti za mazishi, wengine na mikongojo, mmoja na chupa ya oksijeni kwenye kigari. Walivua viatu mlangoni kwa taabu, wakishikana mabega, wakakaa kwenye viti nyuma kabisa, kimya, soksi zao zikionekana. Nilitazama zile soksi nikalia. Nilikuwa sijalia tangu hospitali.

Makaburini mmoja wao alinijia. Terry, anasema mlifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha chuma. Mkubwa, mwekundu, masikio yamekufa kwa kelele za kiwanda, kwa hiyo anaongea kwa kupaza sauti hata makaburini. Akaniuliza, "Wewe ndiye wa London?" Nikasema ndimi. Akaanza kunieleza jambo ambalo hukuwahi kunieleza wewe.

Alisema kiwanda kilipofungwa, wanaume walijifungia majumbani. Waliona haya. Mtu aliyekuwa akiyeyusha chuma tangu ujana hakujua afanye nini na mikono yake, asubuhi anakaa na nguo za kulalia. Na wewe, uliyekwisha kustaafu, kila Ijumaa baada ya sala ulipika sufuria ya pilau, ukaifunga kwa taulo, ukaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba. Ukigonga, hutoi pole, huulizi kitu. Unaingia, unapakua, unakaa unatazama mpira nao, unaondoka. Terry alisema kuna wiki ambayo hakuona mtu mwingine ila wewe. Akasema, "Wajukuu zangu walikua wakidhani pilau ni chakula cha Middlesbrough." Alicheka, halafu uso ukamharibika, akanigeuzia mgongo.

Bi Jean yuko upande ule mwingine wa makaburi, wa Wakristo. Kati yenu kuna kinjia cha changarawe tu. Nilikitembea, Ami, kwenda na kurudi. Hata mtu mwenye magoti mabovu angefika.

Tulilala huko, mimi na Zuhura, na kulipokucha akasema anataka kuuona mji. Tukaanza ng'ambo ya reli, kwenye mtaa wenu wa kwanza, ule ambao wenyeji huuita ng'ambo ya mpaka. Mtaa haupo. Kuna barabara, kuna nguzo za taa, lakini nyumba zimeng'olewa na majani yameota pale palipokuwa na milango. Jengo la kwanza la baraza la mji limesimama peke yake, madirisha yamezibwa, kama mgeni aliyefika harusini siku imekwisha kupita. Zuhura akazunguka akitazama, kisha akaniuliza kwa Kiingereza chake: kwa nini Babu Athman alipapenda hapa?

Nikamwambia ulivyonihadithia mimi. Ulipenda kuanza hivi: "Palikuwa na shamba moja tu." Shamba, kinamasi na mto. Wakaja watu wa reli wakitafuta mahali ambapo mto una kina cha kutosha, meli zipakie makaa ya mawe ziyapeleke London. Wakajenga gati, wakapima barabara chache zilizonyooka, wakaweka nyumba za wafanyakazi. Halafu mawe ya chuma yakagunduliwa kwenye vilima vya kusini, na hapo mji ukashindwa kujizuia. Matanuri yakapangana kando ya mto, moshi ukafunika anga, watu wakaja kutoka Ireland, kutoka Wales, kutoka kila kijiji chenye njaa. "Mtu mmoja angeweza kuzaliwa pale shambani," ulikuwa ukisema, "na akafa katikati ya jiji bila kuhama." Ulijua chuma cha mji ule kilikokwenda, mpaka lile daraja kubwa la Sydney, ukilitaja kana kwamba ulilibeba mwenyewe begani, ingawa lilijengwa hujazaliwa.

Nikamwambia jinsi ulivyoshuka kutoka chumba cha injini cha meli ukiwa kijana, ukapata kazi ya kupakia na kupakua pale gatini, na bandari ilipofungwa ukahamia kwenye chuma. Nikamwambia na lile ulilokuwa ukilirudia: "Mimi nimetoka mji wenye wenyewe. Mombasa ukimwuliza mtu kwao, atakutajia babu na mtaa mpaka uchoke. Kule, kila niliyemwuliza aliniambia babu yake alishuka kwenye treni au kwenye meli. Sasa nani angenifukuza?"

Walikuwepo waliojaribu, hilo hukulificha. Milango iliyofungwa ulipokuja kuuliza chumba, maneno yaliyotupwa barabarani. Lakini mama yake Bi Jean alifungua wake, akakupangisha chumba cha nyuma, na ndivyo ulivyompata mkeo.

Zuhura alisikiliza yote hayo bila kutazama simu. Tukaendelea mpaka bandarini. Maji bado yamo mbele ya gati, yametulia, hakuna meli. Kando yake kuna uwanja wa mpira na jengo jipya la chuo lenye vioo. Mnara wa saa upo, ule uliosema upande wake mmoja hawakuuwekea saa ili wapakiaji wasikae wakihesabu muda wa kutoka. Daraja la bluu nalo lipo, kile kibehewa chake kinachoning'inia cha kuvushia watu mto kimesimamishwa. Matanuri ya kule mdomoni mwa mto wameyaangusha. Kuna upepo, Ami, na ndege wa baharini, na nafasi. Nafasi kubwa mno. Wanafunzi walikuwa wakipita na mikoba yao, wasichana wenye hijabu, vijana Waafrika nisiowajua kwao, wakicheka, wakikimbilia darasani pale pale ulipokuwa ukivuta kamba za meli. Nikafikiri, bado wanakuja. Mji umeishiwa na chuma lakini haujaishiwa na watu wa kuja.

Basi hayo ndiyo niliyoyaona. Nikarudi London, na tangu siku hiyo, upweke. Sikufichi. Kule kaskazini nilikuwa mtu: mtoto wa Ossie, kama walivyokuita, kila mzee alitaka kunishika mkono. Hapa kwenye ghorofa letu jirani mpya amehamia, na hatujajuana hata jina. Jumapili nilipanda treni mpaka Queensbury, kwenye lile duka la Mhindi wa Nairobi, nikanunua mihogo nisiyoihitaji ili tu anisemeshe. Alikuwa amekwenda India kwa mwanawe. Mpwa wake alinihudumia bila kufungua mdomo.

Kumbe wakati mimi nakaa hivyo, Zuhura alikuwa na mambo yake. Unamjua, Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Wewe peke yako hukumkasirikia. Ulikuwa ukimjibu kwa ile salamu yenu ya kaskazini, "now then," mnacheka. Bila kuniambia, alimpigia babu yake Mombasa. Kwa Kiswahili, Ami. Sijui alikitoa wapi. Akamweleza habari za wale wazee, za Terry, za pilau. Mama anasema baba alishika simu ile mpaka chai yake ikapoa, na hakusema kitu ila "Enhe. Enhe, mwanangu."

Jana baba alinipigia. Niliona jina lake kwenye simu nikadhani mama amefariki.

"Huyo mtoto wako anavunja Kiswahili kama anavunja mawe," akasema. Ndiyo iliyokuwa salamu yake.

"Ndiyo, baba."

"Ameniambia wale wazungu walivua viatu."

"Walivua."

"Wakakaa mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, baba. Na walimwaga mchanga kwa mikono yao."

Nilisikia pikipiki zikipita nje kwake. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ndogo: "Mimi nilikuwa mtoto alipoondoka. Nilimsindikiza bandarini Kilindini, nikamshika shati. Akaniambia, ningoje hapa hapa, narudi. Akija likizo, nasema sasa amerudi. Anaondoka tena. Nimezeeka, Mwanaidi, na bado nilikuwa namngoja. Nilitaka angalau mara hii ya mwisho nimpokee."

Kumbe hasira yake haikuwa kwa Wazungu, Ami. Haikuwa hata kwangu. Tukabaki hivyo, kila mmoja anamsikia mwenzake akilia na hakuna anayekata simu. Mwisho akauliza kama mzee wa umri wake anaweza kupewa viza.

Nitamleta. Nimekwishaanza kuulizia, na hata wakimnyima mara ya kwanza nitauliza tena. Nitakuja naye majira ya joto, na Zuhura, tutapanda treni kutoka King's Cross, baba nitamkalisha dirishani upande wa bahari. Nitamfikisha mpaka ulipo, nitamwekea kiti, kisha mimi na Zuhura tutasogea pembeni tuwaachie nafasi. Atakuwa na mengi ya kukugombeza. Msikilize tu, Ami. Ni mdogo wako, na safari hii yeye ndiye aliyekufuata.

Mungu akulaze pema, wewe na jirani yako wa ng'ambo ya kinjia.

Mwanao,
Mwanaidi