Koti la Kijani Ulilovua Mlimani

Baba Okoth,

Usishangae nikikuita hivyo. Ulipokuwa hai hukuwa baba wa mtu. Nilikuita Owino tu, na mama yako akawa ananung'unika, mke gani huyu anamwita mume jina kama anaita mbuzi. Sasa una mtoto. Ni mvulana. Alizaliwa mvua ikinyesha, na kwenu mtoto wa mvua ni Okoth, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza nataka aitwe nani. Masikio ni yako, yale makubwa. Nikimnyonyesha nayashika, nasema, basi haya angalau yamerudi.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyooana nayo. Kikuria ulijua "njoo ule" peke yake, na Kijaluo changu mpaka leo ni cha kununua samaki. Masista kule Ntimaru walinifikisha darasa la nne, na makosa utakayoyaona humu ni yangu, yasome hivyohivyo. Ulikuwa unayacheka. Yacheke.

Nataka nikwambie habari ya koti. Nianze pale ulipoliacha, ndiyo utaelewa pale lilipofika.

Unakumbuka siku mliporudi kutoka Mlima Kenya, wewe na kaka yako Odero, baada ya kuwabebea wazungu mizigo msimu mzima. Wale bibi na bwana waliokuwa wanarudi kwao waliwaachia makoti mawili, mgawane wenyewe. Moja jekundu, limejaa manyoya ya bata, limevimba na ni jepesi kama mkate wa chachu. Lingine la kijani, la nailoni, ndani lina pamba ya kiwandani isiyotoka shambani, limeshonwa mistari mistari kama godoro. Wanawake wote walikuja kushika jekundu. La kijani mama yako alililalia kidogo pale kwenye mkeka, akacheka mpaka akajifunga leso upya. "Hili ni la mgonjwa," akasema.

Kwenu mkubwa huanza. Huanza kulima, huanza kupanda, huanza kula. Kwa hiyo kuchagua kulikuwa kwa Odero. Lakini ulimwambia, "Kaka, ngoja kwanza niyajaribu, nikwambie ukweli wake."

Ukayachukua yote mawili kijitoni. Mimi nilikufuata na tumbo langu lililokuwa bado dogo. Ukayazamisha majini kama unazamisha magunia, ukayakamua, ukapanda nayo kilima asubuhi ile ya upepo, ukavaa moja, ukalivua, ukavaa lingine. Nikakuambia Owino, watu watasema mlima umekuharibu kichwa. Ukasema, "Robi, weka mkono humu." Nikauweka ndani ya jekundu. Manyoya yalikuwa yameshikana vidonge vidonge, baridi kama kuku aliyenyonyolewa. Ukasema, "Manyoya yakilowa yanalala, na yakilala hayana kazi. Sasa weka humu." Nikauweka ndani ya la kijani. Lilikuwa linachuruzika maji, na ndani kulikuwa na joto lako. Sikuamini. Nikautoa mkono, nikaurudisha.

Ukanifundisha mengine pia, kama vile mimi ndiye ninayekwenda mlimani. Kwamba kofia ya koti iwe kubwa, iingie juu ya kofia ya sufu. Kwamba nyuma ya zipu kuwe na ulimi wa kitambaa, kwa sababu upepo unapita kwenye meno ya zipu kama panya. Kwamba mgongo uwe mrefu, mpagazi akiinama na mzigo kiuno kisibaki wazi. Na kwamba liwe pana. Hilo la kijani lilikuwa pana mno, ukaonekana kama mtoto amevaa koti la babu yake. Ukasema ndivyo inavyotakiwa, livaliwe juu ya sweta mbili, pamba ikibanwa inakufa.

Uliporudi ulimwambia Odero yote mbele ya watu. "Kaka, chukua la kijani. Kule juu mvua haikosi." Akalitazama, akakutazama. "Niende mbele ya watu nimevaa godoro? Lilalie mwenyewe na nyar Kuria wako." Watu wakanigeukia mimi, binti wa Wakuria, wakacheka. Akachukua jekundu. Mimi nilifurahi. Sikusema, lakini nilifurahi sana.

Mlirudi mlimani kubeba mizigo tena, wewe na yeye. Siku ya lori sasa.

Uliletwa umefungwa blanketi. Odero aliketi mbele na dereva. Mlango ulipofunguliwa nikaona amevaa kijani, zipu imefika kidevuni. Nikajiambia ni machozi yananiharibia macho. Wakafungua blanketi, na wewe ulikuwa umevaa jekundu.

Hakuna aliyeuliza. Watu walilia, walizunguka boma, walileta ng'ombe, na kila mtu alikuwa ameona, na hakuna aliyeuliza. Nikasimama na tumbo langu, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, "Shemeji, kwa nini umevaa koti la mume wangu?"

Akajibu kwa Kijaluo. Wazee wakatikisa vichwa. Nikamwuliza mwanamke mmoja aliyeketi karibu nami amesema nini. Akasita, kisha akanong'ona, "Anasema mlima ulichagua."

Halafu ikaja desturi yenu ambayo hukuwahi kunieleza, labda kwa sababu kijana haelezi mke wake mambo ya kufiwa. Mjane huvaa nguo ya marehemu mpaka mwanamume wa ukoo amvue na kumrithi. Mpaka hapo haingii nyumba ya mtu, na nyumba yake haipandwi kuezekwa. Wazee wakasema koti la marehemu ni la kijani, kila mtu alishuhudia likigawiwa. Odero alilazimika kulivua. Akalivua taratibu, akanivalisha yeye mwenyewe mabegani. Owino, lilikuwa na joto. Nikafumba macho nikadhani ni lako. Lilikuwa lake.

Akanikaribia sikioni, akasema Kiswahili safi, "Livae vizuri. Nitakuja kulivua mwenyewe."

Kisha akaenda kwako pale ulipolazwa, akasema basi na yeye apewe lake. Wakakuvua jekundu. Mkono wa kushoto ulikuwa umekaza, wakauvuta. Ulizikwa na shati. Yeye akalianika koti ukutani mwa boma, juani, siku ileile ya maziko yako, na akawa anakwenda kulipigapiga manyoya yainuke.

Sijui kama huko uliko mtu huambiwa mambo haya. Mimi nakuambia.

Jua la kwenu Magunga unalijua. Nililivaa koti la theluji katika jua lile, tumbo limenitangulia, zipu haifungi. Shingo ilitoka vipele. Kule kijitoni wasichana walikuwa wakiniona wanasema, "Pisheni, godoro linateka maji." Siku moja na mimi nilicheka, kwa sababu ni kweli nilifanana. Odero alikuwa akipita mlangoni kwangu kila siku, hapigi hodi, anatazama paa tu. Nyasi za kona ya kitandani zilikuwa zimeoza tangu wewe ukiwepo, ulisema utazibadilisha ukirudi. Akasema, "Hilo paa linanisubiri mimi. Mvua itakufundisha kuniita."

Mtoto akazaliwa. Kitovu kilikuwa hakijaanguka wakati mvua kubwa iliposhuka kutoka upande wa vilima vya Gwasi, na ile kona yote ikaanguka juu ya kitanda. Nilikuwa nimemnyanyua sasa hivi tu, kama si hivyo nisingekuwa na la kukuandikia. Nikakimbilia ukuta wa pili, maji yakanifuata. Nikatoka nje na mtoto, nikasimama mbele ya nyumba ya mama yako. Alikuwa mlangoni. Moto wake niliuona nyuma yake, ulikuwa mzuri. Alinitazama, akatazama koti, akatikisa kichwa. Mjane mwenye koti haingii. Hakufunga mlango, lakini hakusogea pia.

Nikarudi. Nikaketi pembeni, nikamvua mtoto vitambaa vilivyolowa, nikamweka uchi kifuani kwangu, nikavuta zipu mpaka juu ya kichwa chake. Sasa ilifunga, tumbo lilikuwa limekwisha. Maji yaliingia kila mahali, koti likawa zito kama mtu. Nikasema, Owino, kama ulinidanganya kule kilimani ni leo. Akalia, akanyamaza, na aliponyamaza niliogopa zaidi. Nikaingiza mkono.

Hukunidanganya.

Asubuhi mama yako akaja na shuka jeupe limekunjwa kwapani. Alikuja kumchukua mtoto amfunge sanda. Nilimwona na lile shuka, na yeye akajua nimeliona. Akapiga magoti, hakuniuliza, akaingiza mkono ndani ya koti lililokuwa linachuruzika. Mtoto alikuwa na joto kama yai chini ya kuku. Akasema, "Yawa," ile mnayosema mkishtuka. Hakuutoa mkono. Ulikaa mle ndani, nikaona uso wake unabadilika polepole, anahesabu kitu kichwani. Nadhani ndipo alipojua ni nini hasa kilivuliwa kwa mwanawe. Alikuwa amelilalia akicheka.

Siku ya kunivua ikafika, mtoto ameshaanza kukaza shingo. Wazee wakaketi. Odero akaja ameoga, amepaka mafuta, amevaa jekundu lake, manyoya yanamtoka kwenye kiwiko na kuku wanamfuata wakidhani ni mwenzao. Nikaomba kusema.

"Wazee wangu, sikatai desturi yenu. Anayetaka kulivua koti hili aniambie kwanza lilivuliwaje mara ya kwanza. Na aseme kwa Kiswahili, nielewe."

Odero akacheka. "Nyar Kuria anataka hadithi."

Hapo mama yako, ambaye hakuwahi kunitetea hata kwa chumvi, akasema, "Jibu."

Akasema kidogo kidogo. Kwamba mvua iligeuka barafu. Kwamba mlibaki nyuma wawili na mizigo, na jekundu lilikuwa limelowa, meno yanamgongana. "Nikamwambia, mimi ndiye mkubwa, nipe. Akalivua. Nikamwachia langu. Nikamwambia akae chini ya jiwe, ninakwenda kambini kuita watu."

Mama akasema, "Ukaita?"

Odero akatazama kuku. "Niliota moto kwanza."

Mama yako akainuka na fimbo yake. Akawauliza wazee, "Hapa kwetu mkubwa huanza, siyo?" Wakasema ndiyo. "Yule nimemzaa mimi, na huyu nimemzaa mimi. Nani mkubwa wangu hapa?" Akaja mpaka kwangu, akashika zipu. Ilikwama pale ilipoota kutu, akaivuta kwa mikono miwili huku akinipumulia usoni, na machozi yake yakinidondokea. Akalivua. Mzee mmoja akasema mwanamke havui mjane. Akamwambia, "Njoo umvalishe tena basi, kama una mikono."

Akamfunika nalo mjukuu wake. Akanishika mkono akaniingiza nyumbani kwake, kwenye ule moto.

Wapo wanaosema ameleta laana. Labda. Jana paa langu limeezekwa. Odero ndiye aliyepanda, Mama ameketi chini kwenye kigoda anamwelekeza kwa fimbo. Jua lilikuwa lile la adhuhuri. Alitaka kuvua jekundu, Mama akamwambia, "Livae. Ulilitaka." Akatoa jasho mpaka manyoya yakamganda shingoni. Akaniita, "Shemeji, nipe maji." Mtungi ulikuwa miguuni pangu.

Nikamnyonyesha mtoto kwanza.

Usinikasirikie. Mimi nimekukasirikia zaidi. Odero namjua, simdai moyo asiokuwa nao. Wewe ulijua. Uliingiza mkono wako na ukauingiza wangu, ukajua koti lipi linaua na lipi linaokoa, ukaambiwa "mimi ndiye mkubwa," ukashika zipu. Hukukumbuka kwamba mimi nipo? Nakuuliza kila ninapochota maji, na nitaacha kukuuliza siku moja, lakini si mwaka huu.

Kaa salama huko, Baba Okoth. Natumaini hakuna baridi. Hapa paa ni zima, mtoto anacheka akiona moto, na mama yako ameanza kujifunza Kikuria changu, anakivunja vibaya kuliko nilivyovunja Kijaluo. Koti nimelifua, nimelianika kivulini kama ulivyoniagiza. Litamngoja mwanao. Nitampeleka kijitoni, alizamishe, alikamue, aweke mkono mwenyewe. Na nitamwambia hili, nakuahidi nitamwambia hata kabla hajajua kuuliza: mtu akimwomba akiwa anatetemeka, hata awe mkubwa wake, asilivue. Amfungulie zipu, amwite aingie, washuke pamoja.

Lilikuwa pana, Owino. Ulilichagua pana. Mimi na mtoto tuliingia. Mngeenea.

Robi wako