Kola za Zuwena

Jumamosi, 3 Oktoba 1970

Mikono ya mashati kutwa. Bega linauma. Tangu serikali mpya ilipoacha kufunga milango ya mji usiku kila mtu anataka kitu kipya, na skuli mpya zinataka mashati ya watoto kabla ya Ramadhani. Bwana Nassor ndiye aliyepata kazi, sisi ndio tunaoshona. Wanawake watupu, sote wa Unguja tuliokimbilia Uarabuni, ghorofa ya juu ya nyumba ya marehemu baba yake hapa Matrah. Kila mmoja na kipande chake. Mimi mikono, Asha mifuko, Bi Moza vifungo, Zuwena kola.

Adhuhuri ikaja habari. Mume wa Zuwena amefariki. Homa. Alkhamisi alikuwa mzima. Tukaifunika cherehani ya Zuwena kwa kanga, tukenda kwake Sidab msibani.

Jumapili, 4 Oktoba

Zuwena ameingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki. Watoto watatu, na mshahara wake ndio chakula chao chote sasa.

Bi Moza ndiye mkubwa wetu. Akamwomba Bwana Nassor amwekee mwenzetu kiti chake, na kola apelekewe Sidab ashone huko huko ndani. Bwana Nassor akajibu dini ni dini na kazi ni kazi, kiti kitapewa mwengine. Jana pale msibani ndiye aliyeitikia amina kuliko watu wote. Nimekasirika mpaka nimejichoma sindano.

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimesema na wenzangu wakati wa chakula. Tushone kila kitu ila kola. Pale kwa Zuwena pasikae mtu.

Asha akaogopa. "Tutafukuzwa sote, Bi Aziza, mimi nna mama mgonjwa." Nikamwambia, "Na hayo mashati atashona nani? Mkewe?" Mkewe tunamjua, hata kifungo hajui kutia. Wakacheka, na hofu ikapungua kidogo. Nikamtaka kila mmoja aseme naam kwa kinywa chake. Asha alikuwa wa mwisho, lakini alisema.

Jumatano, 7 Oktoba

Mashati yasiyo shingo yamejaa chumba. Bwana Nassor ametuita. Sisi ndugu, anasema, tumetoka kwetu pamoja, tumekimbia mapinduzi pamoja, ndugu hawagomeani. Nikamjibu ndugu hamnyang'anyi mjane kiti chake. Nimesema kwa sauti, na mlango uko wazi. Nilifurahi.

Alkhamisi, 8 Oktoba

Kumbe mimi si mtu wa kuzungumza naye. Bwana Nassor amekwenda kwa kaka yangu. Nimerudi nawakuta wawili barazani na kahawa na halua, wananijadili kama mbuzi wa kuuzwa.

Alipoondoka Kaka Seif akasema nimemtia aibu, na kuanzia kesho nikae nyumbani. Nikamwambia serikali imefungua milango ya mji, yeye anataka kufunga wa kwake? Hakula. Mimi nilikula, makusudi.

Naogopa. Nyumba ni yake. Mimi mjane pia, na akinitoa sina pa kwenda. Kesho Ijumaa hatushoni. Jumamosi nitakwenda kazini vilevile.

Jumamosi, 10 Oktoba

Nimekwenda. Kaka alikaa mlangoni, nikapita ubavuni mwake. Hakunizuia.

Kufika, kuna mtu kwenye kiti cha Zuwena. Thuraya, wa Pemba, amefika mjini hivi karibuni. Kanga ameikunja, ameiweka sakafuni. Anashona kola, na nzuri. Hakuna aliyemwamkia. Nilimchukia asubuhi nzima kwa moyo wangu wote.

Wakati wa chakula nikaona hana kitu. Anajifanya anapanga uzi. Nikamkatia mkate wangu, nikamweleza kiti ni cha nani. Hakujua. Bwana Nassor alimwambia mwenye kiti ameacha kazi kwa hiari yake. Akalia hapo hapo na mkate mdomoni. Kisha akainuka, akaitandika kanga juu ya cherehani, akaja kukaa nasi chini. Bwana Nassor akamwambia basi atoke. Hakutoka.

Jumapili, 11 Oktoba

Kufuli mlangoni. Tumekaa kwenye ngazi, kutwa. Joto la kuua. Jirani ametuletea tende na kahawa bila ya kuuliza kitu. Mzee mmoja akapita akasema wanawake ngazini ni aibu. Bi Moza akamwambia aende akamwambie mwenye kufuli.

Jumanne, 13 Oktoba

Leo Mungu ametuchekesha.

Mafundi wa mashati wa sokoni wana kazi mpaka Idi. Bwana Nassor, kwa haraka na ukaidi wake, amewapelekea mashati mafundi wa dishdasha, kanzu za wanaume wa huku. Dishdasha haina kola! Watu wamezaliwa wamekuta shingo za duara, wameshona shingo za duara maisha yao yote. Mashati yamerudi sikio moja la kola juu, jengine chini. Na moja, wallahi nimeliona kwa macho yangu, wamelitia kishada shingoni, kile kinachoning'inia kwenye dishdasha kwa kutiwa mafuta mazuri. Shati la mtoto wa skuli.

Bwana wa skuli alikuja kutazama. Akalinyanyua kwa kidole. Akacheka, kisha akaacha kucheka, akasema hapokei hata moja namna hii. Sisi tuko pale ngazini tunasikia yote. Nimecheka mpaka machozi. Astaghfirullah, na msiba haujapoa.

Alkhamisi, 15 Oktoba

Bwana Nassor amekubali. Kiti cha Zuwena kinabaki chake, na atashona nyumbani mpaka atoke eda. Thuraya atapewa cherehani nyengine. Sote turudi, isipokuwa Bi Aziza.

Na nani aliyetumwa kutuletea ujumbe? Kaka Seif. Alisimama chini ya ngazi, akasema maneno yote, jina langu akalimeza nusu.

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kukubali. Kweli, nilitaka kukubali, ili watoto wa Zuwena wapate kula. Bi Moza hakuningoja. "Mwambie sote au hapana." Asha akasema vilevile, sote au hapana, huyo huyo mwoga wetu. Kaka akageuka kwenda kuupeleka ujumbe wetu. Mtu mzima na kilemba chake, leo tarishi wetu.

Jibu limerudi kabla ya magharibi. Sote.

Jumamosi, 17 Oktoba

Tumeipeleka cherehani Sidab. Hamali ameibeba kichwani, tukapanda mlima nyuma yake tukimsimamia kama wakwe. Zuwena ndani, nguo nyeupe, amekonda. Hakusema ahsante na nisingetaka aseme. Ameipangusa, ameweka kitambaa, ameshona kola moja mbele yetu. Kisha akasema uzi tuliouleta mbaya, tumletee mwengine.

Jumapili, 18 Oktoba

Kazi. Mikono. Upepo kidogo kutoka baharini, wa kwanza tangu Mei.

Kaka amekula nami usiku. Alinisogezea samaki upande wa nyama.

Bwana Nassor amepita mara mbili, haamkii mtu. Thuraya yuko karibu yangu sasa. Alasiri ameniinamia, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na mie nikijifungua, Bi Aziza? Nna miezi mitano." Nikamwambia utakaa arobaini yako yote, na kiti chako kitakungoja.

Bwana Nassor bado hajui.